Soda ya chupa au ya plastiki: ipi inaharibu zaidi, na fomu ya kampuni niijaze vipi?

*"Habari za kazi. Nina stoo ya jumla ya soda na maji Mbagala, mwaka wa tisa sasa. Zamani mzigo wangu karibu wote ulikuwa kreti za chupa. Siku hizi zaidi ya nusu ni soda za plastiki, zile za take away. Mwezi uliopita ofisa mauzo wa kampuni alikuja na mambo mawili. Kwanza alinishauri nipunguze chupa za kioo, eti kuziosha kunamaliza maji, na plastiki yote siku hizi inarejelezwa. Pili akaniachia fomu ya mazingira ya kurasa nne: friji linakula umeme kiasi gani, taka napeleka wapi, gari la kusambazia linatumia mafuta mangapi. Binti yangu yuko chuo, yeye ananiambia plastiki ni dhambi, niache kabisa. Chupa za plastiki zinazobaki stoo, jioni kijana wangu huzichoma nyuma ili zisizibe mtaro. Naomba ukweli: ipi inaharibu mazingira zaidi? Stoo kama yangu ina uzito gani kwa kampuni kubwa kama ile? Fomu nikiijaza najifunga? Na nasikia chupa za plastiki zitapigwa marufuku kama mifuko. Si nitabaki na mzigo ndani?"*

Dada yangu, nimesoma barua yako na naona kinachokusumbua hasa: watu wawili unaowasikiliza, mmoja wa biashara na mwingine wa damu yako, wanavutana, na katikati yao kuna karatasi inayosubiri saini. Nitakueleza msimamo wangu mapema ili usisome ukibahatisha. Kwa stoo iliyoko Mbagala, soda ya chupa ya kioo inayorudi kiwandani ndiyo yenye madhara madogo zaidi kwa mazingira, na ningependa usikubali kirahisi kreti zako zipungue. Binti yako ana hoja, ila amevuta kamba kupita kiasi. Na stoo yako ina uzito kuliko unavyodhani, kwa sababu nitakazozieleza.

Ila kabla ya yote, huo moto wa jioni ukome leo. Chupa ya soda ya plastiki imetengenezwa kwa plastiki aina ya PET, ambayo asili yake ni mafuta ghafi. Moto wa nyuma ya stoo hauna joto la kutosha wala hewa ya kutosha, hivyo plastiki haiungui ikaisha. Inatoa masizi meusi, hewa ya kaboni monoksidi na kemikali zikiwemo za jamii ya benzini, na benzini inajulikana kusababisha saratani. Wa kwanza kuvuta ni kijana wako mwenyewe, anayesimama na kijiti akichochea. Wa pili ni watoto wa nyumba ya nyuma. Nakuelewa kuhusu mtaro, na hapo uko sahihi kabisa: chupa zikiingia mtaroni, masika zinateremka na maji hadi mabondeni, na kwa upande wenu nyingi zinaishia Mto Kizinga, mto ambao DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, huchota maji yake pale Mtoni kwa ajili ya jiji. Kwa hiyo nia ni njema, njia ndiyo mbaya. Weka viroba viwili chini ya bati, nitakuambia baadaye vya nini.

Sasa swali lako kubwa. Kioo huyeyushwa kwenye tanuru lenye joto la nyuzi 1,500 hivi, usiku na mchana bila kuzimwa. Hapa kwetu kazi hiyo inafanywa na Kioo Limited pale Chang'ombe. Maana yake ni kwamba chupa ya kioo inapotoka tanuruni tayari imebeba deni kubwa la nishati, kubwa mno kuliko la chupa ya plastiki. Ingekuwa inatumika mara moja na kutupwa, ningekuambia bila kusita uchukue plastiki. Watu wengi wanaopenda mazingira hawapendi kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo: kioo cha kutupa ni kibaya kuliko plastiki ya kutupa.

Chupa yako lakini haitupwi. Inakwenda kwa mama lishe, inarudi kwako na kreti, inapanda gari la kampuni, inaoshwa, inajazwa, inakuja tena. Kila safari inaligawa lile deni. Ikienda mara mbili, kila soda inabeba nusu. Ikienda mara kumi, sehemu ya kumi. Ndiyo maana chupa hizi hufinyangwa nene, zihimili safari 25 na kuendelea. Tafiti zilizolinganisha aina hizi za vifungashio kwa kufuata maisha yake yote, tangu malighafi hadi jalalani, kwa kawaida zinafikia mahali pamoja: kioo kinachorudi hupita plastiki ya kutupa baada ya kurudi mara chache tu, na faida hiyo hupungua au kupotea pale ambapo chupa hazirudi au barabara ni ndefu mno.

Hili unaweza kulitazama mwenyewe leo. Chukua chupa moja tupu kwenye kreti kuukuu, iinue mwangani. Pale ilipotuna, sehemu ya juu na sehemu ya chini, utaona mikanda miwili myeupe iliyofifia. Ule ni mkwaruzo wa chupa kusuguana na wenzake ndani ya kreti na kwenye mkanda wa kiwandani. Chupa mpya haina kitu pale. Kadiri mkanda unavyopanuka, ndivyo chupa ilivyozunguka mara nyingi. Kreti ya chupa zenye mikanda mipana ndiyo kreti isiyo na madhara makubwa kuliko zote stoo kwako, ingawa wateja wengine huidharau kwa kuonekana imechakaa.

Kuna suala la maji, na ofisa mauzo hakulitunga. Kuosha chupa kunatumia maji kweli. Chupa huloweshwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 80 yenye kostiki soda, kemikali kali ya kusafishia, kisha husuuzwa mara kadhaa, na mitambo mizuri hutumia maji ya suuzo la mwisho kwenye suuzo la mwanzo. Kiwanda cha soda kinachojitahidi hutumia lita mbili hivi za maji, au pungufu kidogo, kwa kila lita ya kinywaji, ukihesabu na ile iliyomo ndani ya chupa. Lakini tazama mahali maji mengi yanapokwenda. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walihesabu maji yote yanayohitajika kupata nusu lita ya soda yenye sukari, tangu shambani. Walipata kati ya lita 169 na 309, kutegemea sukari imetoka mmea gani na nchi gani. Zaidi ya asilimia 99 ya maji hayo yalikuwa nje ya kiwanda cha soda, hasa kwenye mashamba ya mazao yanayotumika kutengeneza soda, la sukari likiwemo. Mtu anayekuambia uache kreti ili kuokoa maji anaokota tone huku ndoo inamwagika.

Hata hivyo lita ya mvua inayonyonywa na muwa bondeni Kilombero haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na lita ya bomba mjini wakati wa mgao. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua, DAWASA ililazimika kugawa maji kwa zamu, na wewe Mbagala unakumbuka foleni za ndoo. Kipindi kama hicho kila lita inayoingia kiwandani ni swali la haki, na kampuni inapaswa kulijibu hadharani. India yalitokea: kiwanda cha Coca-Cola cha Plachimada, jimbo la Kerala, kilisimama mwaka 2004 baada ya wanakijiji kulalamika kwamba visima vyao vinakauka na kuharibika. Kwa hiyo usilipuuze suala la maji. Wanaopaswa kulibeba ni kiwanda na mashamba ya miwa, na kukuondolea wewe kreti hakulitatui.

Kuhusu barabara, pima mwenyewe kwenye mizani yako. Chupa 24 tupu za kioo zina kilo nane hadi kumi hivi, bila kreti. Chupa 24 za plastiki za ujazo huo ni kama nusu kilo. Gari linalopeleka soda za kioo Songea, karibu kilomita 1,000 kutoka hapa, linabeba kioo kingi sawa na soda yenyewe, halafu lirudi nacho. Kwa mfanyabiashara wa Songea anayeletewa mzigo kutoka Dar es Salaam jibu langu lingekuwa na wasiwasi zaidi. Wewe uko Mbagala, viwanda viko jiji hilihili, na gari linaloleta mzigo lingerudi tupu hata kama lisingebeba chupa. Hapo kioo kinashinda bila mjadala mrefu.

Tuje kwenye "plastiki yote inarejelezwa". Sentensi hiyo inachanganya mambo mawili: kinachowezekana na kinachofanyika. Ni kweli PET ni kati ya plastiki zinazorejelezeka vizuri kuliko nyingine. Geuza chupa uangalie kitako, utaona pembetatu yenye namba 1. Kazi ya kuikusanya mjini kwetu inafanywa zaidi na waokota makopo, wengi wao kina mama na vijana, wanaopita mitaani na viroba mgongoni kabla jua halijawa kali. Wao huuza kwa mnunuzi wa mtaani, yeye huuza kwa mwenye mashine ya kusaga, na vipande vikioshwa kwenye maji vinajitenga vyenyewe: vya chupa huzama, vya vifuniko huelea kwa sababu ni plastiki nyingine. Chupa nyeupe inayopitisha mwanga ina bei. Ya rangi bei yake iko chini, na iliyowekwa oili au rangi ya ukuta haina mnunuzi. Bei hupanda na kushuka na soko la mafuta duniani, na ikishuka, muokotaji anaacha. Zisizookotwa zinakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, au mtaroni, au kwenye moto kama wako.

Hata ile iliyookotwa, sehemu kubwa yake haiwi chupa tena. Kuirudisha kuwa chupa ya kinywaji kunahitaji mtambo wa gharama wa kuisafisha hadi kiwango cha chakula. Bila huo, huishia kuwa nyuzi za kitambaa, kamba au mikanda ya kufungia mizigo. Ni bora kuliko mtaro, hilo sina shaka nalo. Ila soda ya kesho itahitaji tena plastiki iliyotokana na mafuta ghafi. Chupa yako ya kioo inarudi kuwa ileile.

Na ahadi za kampuni kubwa zisikulaze usingizi. Nitatumia mfano wa Coca-Cola kwa sababu ahadi zake zimetangazwa wazi. Mwaka 2018 ilitangaza kwamba ifikapo 2030 itasaidia kukusanya na kurejeleza chupa au kopo moja kwa kila moja inayouza. Mwaka 2022 ikaongeza ahadi kwamba asilimia 25 ya vinywaji vyake duniani vitauzwa kwenye vifungashio vya kujazwa tena ifikapo 2030. Desemba 2024 malengo yakabadilishwa: ukusanyaji ukawa asilimia 70 hadi 75 ifikapo 2035, na lengo la vifungashio vya kujazwa tena halikuonekana kwenye orodha mpya. Nalisema hili kwa masikitiko, maana mfumo wa kreti ambao watu wengi wa Ulaya na Marekani waliubomoa na sasa wanahangaika kuujenga upya, sisi tunao, unafanya kazi, na unategemea stoo kama yako. Ujerumani tangu 2003 inamtoza mnunuzi senti 25 za yuro kwa chupa ya kutupa, anarudishiwa akiirejesha, na chupa karibu zote zinarudi. Wewe umekuwa ukishika pesa ya chupa na kreti kwa miaka tisa.

Kwa hiyo niache plastiki? Hapana, dada yangu, na mweleze binti yako hivyo kwa upole. Machinga anayeuza kwenye foleni ya daladala Rangi Tatu hawezi kusubiri chupa tupu dirishani. Msafiri wa Kilwa hawezi kurudisha chupa. Kreti nazo zinafunga mtaji wako, zinakula nafasi, na chupa ikivunjika hasara ni yako. Kuna wateja wa plastiki na kuna wateja wa kioo, na tatizo la miaka hii ni kwamba plastiki inaingia hata kwa wale wa kioo. Mama lishe, mgahawa, baa, kantini ya karakana, na zaidi ya wote shughuli: harusi, misiba, vikao vya familia. Kwenye shughuli chupa zote zimekaa sehemu moja na asubuhi yake zinarudi zikiwa zimehesabiwa. Hapo ndipo ningeweka nguvu. Mwenye shughuli akija kuulizia soda, mtajie bei ya chupa kwanza, mpe punguzo dogo akirejesha kreti zikiwa kamili, na ikiwezekana kijana wako azifuate mwenyewe na guta.

Na wateja wako wa kreti waambie jambo moja zaidi: chupa ya soda isiwekwe mafuta ya taa, oili wala maji ya betri. Kiwandani chupa hizo hukataliwa, na zile zenye mdomo uliomeguka pia, na kila inayokataliwa inakatiza safari ambazo bado ilikuwa nazo. Mirija na vipisi vya sigara vitolewe kabla kreti haijarudi, vinasumbua mashine ya kuosha. Ni mambo madogo ya uwani, lakini ndiyo yanayoamua kama chupa itazunguka mara kumi au mara thelathini.

Vile viroba viwili sasa. Kimoja kiwe cha chupa nyeupe, kingine cha rangi. Zikaushwe, zikandamizwe, vifuniko vitengwe. Usianze kuwa mshindani wa waokotaji wa mtaa wako. Ongea na mmoja au wawili wanaopita hapo kila mara, wawe wanachukua siku maalumu na kukuachia uwanja ukiwa safi. Wao watapata mzigo msafi usio na tope, wewe utapata mtaro usioziba.

Umeniuliza stoo yako ina uzito gani. Hapa lazima ujue kampuni inavyojihesabia hewa ukaa. Hesabu hizo duniani zimegawanywa mafungu matatu. La kwanza ni moshi wa mitambo na magari yao wenyewe. La pili ni umeme wanaonunua. La tatu ni kila kitu kingine kinachotokea kabla na baada yao: sukari, chupa, msambazaji, friji lililoko dukani, chupa ikishatupwa. Kwa kampuni za vinywaji fungu hili la tatu ndilo kubwa kupita mengine kwa mbali. Kampuni inaweza kuweka sola juu ya paa la kiwanda chote na bado ikawa haijagusa sehemu kubwa ya madhara yake. Namba wanazozihitaji ziko mashambani, ziko kwa watengeneza chupa, na ziko stoo kwako. Ndiyo maana fomu imekufikia.

Friji ni mfano mzuri. Watu hufikiria umeme tu, na kwa luku yako ni kweli inauma. Upande wa hewa ukaa, umeme wetu umepata nafuu tangu Bwawa la Nyerere kule Rufiji lianze kuzalisha mwaka 2024, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi sasa inatokana na maji. Kinachobaki ni gesi iliyomo ndani ya friji. Angalia kibandiko cha nyuma au ndani ya mlango. Ukiona R134a, hiyo ni gesi ambayo kilo moja ikivuja inapasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. Gramu 300 tu akiziachia fundi hewani wakati wa kutengeneza ni kama kuchoma lita 180 na ushee za petroli. Ukiona R290 au R600a, hizo zina madhara madogo sana kwa hali ya hewa, na ndizo friji mpya nyingi zinazotumia, hasa baada ya nchi kukubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za jamii ya R134a. Ila R290 na R600a zinawaka moto. Friji la aina hiyo lisifunguliwe na fundi wa mtaani asiye na mafunzo, na kama friji ni mali ya kampuni, mwite fundi wao na usimruhusu mwingine aguse mabomba. Kwa upande wako, lisogeze mbali na ukuta kiasi cha kiganja, lisikae juani, futa vumbi kwenye nyavu za nyuma kila mwezi, na jaribu kubana noti mlangoni: ikitoka kirahisi, mpira wa mlango umechoka, na luku yako inatokea hapo.

Kuhusu marufuku, tulia. Katazo lililoanza 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea, chupa za vinywaji hazikuwemo. Kwa chupa, nchi nyingi zinaelekea kumbebesha mzalishaji gharama ya kuzikusanya. Kenya imeliweka hilo kwenye sheria yake ya taka ya mwaka 2022. Na mzigo wa soda hauishi stoo muda mrefu, kwa hiyo hofu ya kubaki nao isikunyime usingizi.

Imebaki fomu. Kuijaza si vibaya, na mimi ningeijaza, kwa masharti. Andika ulichopima, na usichopima andika kwamba ni makadirio. Chukua risiti za luku za mwezi mzima. Mafuta ya gari, tumia ulichonunua kwa wiki nne. Kwenye taka usiandike "zinarejelezwa" kama zilikuwa zinachomwa. Andika mpango mpya na tarehe ulipoanza. Kisha ipitie tena ukitenganisha sentensi za aina mbili: zile zinazokuomba taarifa, na zile zinazosema utafanya jambo fulani. Za kwanza hazikufungi zaidi ya kuwa mkweli. Za pili ni ahadi, na ahadi ina gharama. Kama wanataka ubadilishe friji, ukusanye plastiki za mtaa au uweke vipimo, uliza nani analipa. Plastiki utakayokusanya inaweza kuhesabiwa kwenye malengo ya kampuni, basi nawe uhesabiwe kwenye malipo. Na tumia nafasi hiyo kuomba unachokihitaji: kreti za kutosha msimu wa harusi, chupa zilizovunjika njiani zisiwe deni lako, friji lenye gesi salama. Weka nakala ya kila ukurasa.

Yako mambo ambayo barua hii haiwezi kukumalizia. Kama kijana wako ana kikohozi kisichoisha au kifua kinabana baada ya muda wote huo wa moshi, mpeleke kituo cha afya na mwambie daktari kwamba amekuwa akivuta moshi wa plastiki. Kama mtaro wa nyuma umeshaziba na maji yanatuama, mwone afisa afya wa kata, akuunganishe na manispaa ya Temeke. Usiufukue peke yako. Mnunuzi wa plastiki akija na gari kubwa na ahadi kubwa, muulize kibali chake cha mamlaka ya mazingira kabla hujampa mzigo. Na kama ule ukurasa wa nne una kifungu chochote kinachokupa wajibu wa gharama au kinachohusu idadi ya kreti utakazobaki nazo, usiusaini siku hiyohiyo. Upeleke kwa mwanasheria, au angalau kwa mhasibu anayekufungia hesabu za TRA, akusomee neno kwa neno, na kifungu usichokikubali kirudi kwa ofisa mauzo kikiwa kimewekewa alama, bila saini yako.